Sura ya Sita: Saa ya Edinburgh

"Hiyo saa usiijali," alisema Velma. "Ni ya Kiswahili."

Peris Nyanchama alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mzee aliyepotea, akihesabu viatu. Aliona ndara za bafuni. Aliona buti za theluji, kavu, zimepangwa sawasawa kama askari wa gwaride. Viatu vya ngozi vya kanisani havikuwepo. Basi Mzee Zachariah arap Chumo, miaka themanini na mitatu, goti moja bovu, alikuwa ametoka nyumba hii ya Oakdale, Minnesota, na viatu vya kuendea ibada, siku ambayo redio imehubiri tangu alfajiri kwamba ngozi iliyoachwa wazi hufa kwa dakika kumi.

"Alitoka lini?"

"Sijui! Mume wangu Alvin alipeleka watoto shule, akadhani Baba amelala. Mimi nimerudi kutoka shifti saa tatu, nikakuta kitanda kimetandikwa." Velma alikuwa bado na sare ya uuguzi, kazi yake ilikuwa ya usiku, katika hospitali moja huko Anoka. Mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua shuka la babake.

"Jana alikuaga vipi?"

"Alisema kwaheri."

"Kwani kawaida husema nini?"

Velma alifikiri. "Husema, niletee maziwa."

Peris alisimama. Miaka tisa ya upelelezi Nakuru ilikuwa imemfunza kwamba anayekwenda kuzurura haagi mtu. Siku hizi alikuwa akimfanyia kazi ya uchunguzi wakili mmoja wa Golden Valley, na Wakenya wa Saint Paul na mji wake pacha wakipatwa na jambo walimpigia yeye mara tu baada ya polisi, jinsi mtu anavyomwita mganga daktari angali mlangoni.

Polisi wenyewe walionekana dirishani, wanne na mbwa wawili, wakizunguka kidimbwi kilichoganda nyuma ya nyumba.

"Kwa nini wanatafuta majini?"

"Wanasema wazee waliochanganyikiwa hufuata maji."

"Nani aliwaambia amechanganyikiwa?"

"Iko kwa faili yake ya kliniki, Dada Peris. Mzee wa Kericho anaamka kila asubuhi anasema anaenda Scotland! Wewe ungeitaje?"

Peris alikuwa ameugeukia ukuta, na ukutani Scotland ilikuwa imebandikwa kwa plasta za vidonda. Ramani ya jiji la Edinburgh, kubwa kama meza, imechorwa kwa kalamu nyekundu kutoka kituo cha treni bondeni hadi jengo moja juu, jirani na ngome. Kando yake, barua yenye nembo ya Kampuni ya Chai ya Glenmorrow: mwanahisa Z. A. Chumo, mwenye hisa moja, anakaribishwa kwenye kikao cha mwaka. Ruhusa ya kusema ni kwa waliomo ukumbini tu. Tarehe ilikuwa ya leo.

"Hisa moja?" aliuliza Peris.

"Moja! Ndiyo apate kusimama awaulize makaburi."

"Makaburi gani?"

"Yale saba," alisema Velma, kwa sauti ya mtu aliyelishwa chakula kimoja utoto wake wote.

Hadithi yenyewe haikuwa ndefu. Mwaka wa hamsini na sita, kwenye mteremko wa Kapsorok, trekta la Glenmorrow liliingia asubuhi na kulima makaburi saba ya ukoo wa Chumo ili safu za chai zinyooke. Zachariah alikuwa na miaka kumi na minne. Alisimama kando ya baba yake, kofia mkononi, kwa sababu mnyapara aliwaamuru wavue kofia mbele ya Mzungu mwenye shamba. Kisha uhuru ukaja, bendera ikabadilika, miche ikabaki palepale. Marais wamekula viapo na kuondoka, na kila mmoja amewahi kunywa kikombe kilichostawi juu ya mifupa ile akaulizia sukari. Mtu akikumbuka jambo kama hilo miaka saba, huitwa mlalamishi. Akilikumbuka miaka sabini, huandikiwa dawa.

Peris alichukua daftari lililokuwa chini ya mto. Kila ukurasa ulikuwa wa safari.

*Siku tatu. Kulala: kwa mama mmoja wa Ghana anayekodisha chumba karibu na kituo. Mwavuli usibebwe, upepo wao huuvunja. Ngome: itazamwe kwa nje, inatosha. Chai: usinywe. Ni yetu.*

"Huyu ndiye amechanganyikiwa?" alinong'ona.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari michache, mwandiko umekolezwa.

*Kituoni: ondoka saa kumi na mbili na robo. Daraja la barabara kuu, dakika 16. Benchi lililovunjika mguu: pumzika. Upepo unatoka mtoni, funga shingo. Mlimani goti la kushoto litangulie (F.). Ngazi za jengo. Saa moja jioni: simama, vua kofia, soma.*

Velma alisoma juu ya bega lake, akashusha pumzi. "Saa moja jioni. Polisi nao waliniuliza nikawatafsiria. Kwa hivyo tuna siku nzima, si ndiyo? Jioni atatokea mahali."

Hapo Peris akaijali saa.

Ilikuwa saa ndogo ya umeme, tarakimu nyekundu: 5:42. Simu yake ilisema 11:42.

"Uliniambia ni ya Kiswahili."

"Si unaona? Sasa ni saa tano na dakika arobaini na mbili, na yenyewe inasoma tano. Baba amechoka kuhesabu mara mbili kila akiitazama. Wazee wengi huku huiweka hivyo."

"Na hii nukta?"

"Nukta gani?"

Peris aliweka kidole. Mbele ya herufi PM, alama ya mchana na jioni, kulikuwa na nukta nyekundu, ndogo kama jicho la panya. Ilikuwa imewaka.

"Saa tano ya asubuhi yetu, nukta ingekuwa imezimika. Baba yako alibonyeza mpaka ikawaka. Hakutaka asubuhi. Velma, Edinburgh iko mbele yetu kwa saa ngapi?"

Velma alihesabu kwa vidole, akaishia kwenye kidole cha sita. 

Saa sita kati ya Mswahili na Mzungu. Saa sita kati ya Minnesota na Edinburgh. Mzee alikuwa ameishi miezi mitatu kwa saa ya jiji la wale waliomlimia wafu wake, chini ya paa la mwanawe, na kila aliyeiangalia alitabasamu: mzee wetu na mambo yake ya nyumbani.

"Saa moja jioni yake ni saa saba mchana wetu," alisema Peris. "Na saa kumi na mbili na robo anayoanza kutembea, ni saa sita na robo. Hiyo ni nusu saa kutoka sasa."

"Atembee wapi? Edinburgh yenyewe iko ng'ambo ya bahari!"

"Ndilo swali. Hajawahi kufika Edinburgh, lakini anajua benchi limevunjika mguu. Amejuaje? Na upepo unatoka mtoni. Nionyeshe mto karibu na kile kituo kwenye ramani." Velma hakuuona, kwa kuwa haukuwepo. "Baba yako amekuwa akifanya mazoezi. Kituo bondeni, kando ya mto. Daraja juu ya barabara kuu. Mlima, na jengo la mawe juu yake lenye ngazi. Tunaishi maili kumi kutoka mahali kama hapo."

"Saint Paul," alisema Velma. "Lakini Baba haendi popote! Jumanne na Alhamisi gari la kituo cha wazee linamchukua, basi."

"Na gari hilo linaendeshwa na nani?"

Walitazamana, kisha wote wawili wakaelekea jikoni.

Faustino Lyimo, Mtanzania, dereva wa kituo cha wazee, alikuwa amekaa mezani tangu saa nne, amekuja kusaidia kutafuta. Alikuwa mtu mnene, mpole, wa miaka sitini hivi. Chai mbele yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Kaka Faustino, Jumanne Mzee alikula nini kituoni?"

"Nadhani wali, dada. Wali na maharage."

"Nimepiga simu. Jumanne walikula tambi." Peris hakuwa amepiga simu yoyote.

"Basi ni tambi."

"Hakula tambi wala wali. Hakuwepo." Alilifungua daftari na kulilaza mbele yake. "F. anasema goti la kushoto litangulie. F. ni nani?"

Faustino alitazama maandishi yale, akavua miwani.

"Dada, mimi nina watoto wanaosoma. Nimeweka sahihi kwamba alikuwa kituoni. Wakijua nimempeleka kwingine, kesho sina kazi."

"Kesho? Kaka, mzee yuko nje na viatu vya kanisani!"

Hilo lilimvunja. "Mara nane," alisema. "Nilimshusha pale kituo cha treni, Union Depot, nikatembea nyuma yake na chupa ya uji. Alisema mlima wa Edinburgh hautamngoja ajifunze. Mara ya kwanza alifika darajani akalia. Mara ya nane alifika kwenye ngazi za kanisa kuu, lile la kuba la kijani. Alifurahi kama bwana harusi."

"Na leo?"

"Sikumpeleka, naapa. Jana aliniuliza tu basi la Gold Line linapita pale barabarani saa ngapi. Nikamwambia kila robo saa, tangu alfajiri." Alimgeukia Velma. "Nisamehe, mama. Nilidhani anauliza kama watu wanavyouliza."

Peris alitoka hadi kidimbwini. Ofisa aliyesimamia mbwa alimsikiliza, akatazama saa yake, akasema kwenye redio kwamba gari litatumwa Saint Paul likipatikana. Barabarani kulikuwa na ajali zaidi ya arobaini. Mbwa nao, alisema, walikuwa wameshika harufu. Peris alimwacha na harufu yake.

Walipanda gari la Faustino wote watatu. Saa sita kasoro dakika tano.

Barabara kuu ilikuwa kioo. Baada ya Maplewood lori lilikuwa limelala ubavu, magari yamepangana nyuma yake hadi upeo wa macho, moshi mweupe ukipanda kutoka kila moja. Faustino alipiga honi, ingawa hakukuwa na wa kumpisha.

Ikafika saa sita na robo. Wote waliitazama dashibodi.

"Velma," alisema Peris, bila kugeuka. "Tangu nimefika umeniambia kuhusu koti lake, dawa zake, buti zake, simu aliyoiacha. Mtu mwenye ramani ukutani na barua ya mwaliko wa leo amepotea, na hujatafuta pasipoti yake hata dakika moja."

Velma aligeukia dirisha la gari.

"Anayejua kitu kilipo hakitafuti."

"Iko ndani ya unga," alisema Velma. "Kwa pipa la unga wa ugali, chini kabisa. Wiki tatu sasa."

"Na tiketi?"

"Ilikuwa ya jana." Alianza kulia bila sauti. "Dada, karatasi zake za kuishi huku bado hazijatoka. Wakili alisema akivuka mpaka bila kibali zimekufa, na mimi siwezi kumrudisha tena. Kibali ni mwaka mzima, na figo zake zinachoka! Huko Kericho nani atamsafisha damu zikikataa? Nilimwambia, Baba, ngoja mwakani. Akasema mwakani si neno la mtu wa miaka themanini na mitatu. Ningefanya nini? Nikaificha. Akaitafuta, akageuza nyumba. Mimi ndiye nilimpeleka kliniki. Nikawaambia anatafuta vitu visivyokuwepo."

Faustino alinong'ona, "Mungu wangu."

"Nawe kaka, kaza macho barabarani," alisema Peris. "Hapa hakuna malaika."

Lori lilivutwa pembeni saa sita na nusu. Walifika Union Depot saa saba kasoro dakika kumi na mbili, na Peris alikimbia ndani peke yake. Mama mmoja aliyekuwa akifagia ukumbi hakusita. Mzee mwenye tai nyekundu? Alikaa pale tangu asubuhi, amenyooka, akitazama saa yake ya mkononi. Alimpa biskuti, akaikataa kwa adabu. Ameondoka zaidi ya nusu saa iliyopita. Alimwambia nje si pa mtu kutembea, naye akamjibu kwamba anajua, amefanya mazoezi.

Walipanda polepole kwa njia yake. Mitaa ilikuwa mitupu kama siku ya mazishi ya kitaifa. Darajani upepo ulikuja kutoka mtoni jinsi daftari lilivyosema, ukalisukuma gari pembeni. Benchi lenye mguu uliovunjika lilikuwa pale, na juu yake skafu ya sufu.

"Hiyo nilimfumia mimi," alisema Velma. "Kwa nini ameivua? Baba, kwa nini umeivua?"

Peris alijua. Katika ule uuguzi wake Velma naye alijua: mwili unaokaribia kuganda hujidanganya kwamba unaona joto.

Mzee alikuwa kwenye ngazi ya nne ya kanisa kuu. Alikuwa amefunga koti la suti vifungo vyote, tai imenyooka, mgongo kwa kanisa na uso kwa jiji lote chini yake. Kofia ilikuwa kichwani bado. Mkononi alishika karatasi moja, na vidole vilivyoishika vilikuwa vyeupe kama mshumaa.

Velma alimfikia kwanza, akamkumbatia kiunoni. "Baba, twende. Twende garini, tafadhali."

"Bado dakika tano," alisema mzee. Maneno yalitoka yamevimba.

"Utakufa hapa!"

"Ukinibeba sasa, Velma, umenilima."

Velma alilegeza mikono. Alimtazama Peris kama mtu anayeomba amri.

Peris alihesabu. Alihesabu vidole vile, akaona viwili huenda vimekwenda tayari. Alihesabu dakika tano dhidi ya miaka sabini. Kisha akavua koti lake, akamfunika mzee kichwa na mabega. "Kaka Faustino, leta gari mpaka ukingoni, moto wote, mlango wazi. Halafu njoo usimame huku, upande wa upepo. Unene wako Mungu aliutengenezea siku ya leo."

"Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza mzee.

"Mimi ni Mkisii, Mzee."

"Ah." Kitu kama tabasamu kilimpitia. "Walituibia ng'ombe."

"Ninyi ndio mliotuibia. Tutabishana garini."

Walisimama wakimzunguka, watatu, kama boma. Saa saba ilipofika Peris alimwambia, "Mzee, ni saa moja jioni kule."

Mzee Zachariah alivua kofia. Safari hii hakuna aliyemwamuru. Alifungua mdomo, na taya halikusogea. Alijaribu tena. Karatasi ilimtoka vidoleni bila yeye kuhisi, ikaanguka kwenye theluji, na sauti iliyomtoka kooni haikuwa neno.

Velma aliiokota. Maisha yake yote alikuwa ameikimbia orodha ile. Aliisikia Krismasi, aliisikia kwenye harusi yake mwenyewe, na siku babake alipoanza kuisoma mbele ya wageni kutoka kazini kwake alizima taa. Sasa aliinua kichwa, akaielekeza sauti juu ya paa za Saint Paul, kusiko na mtu.

"Arap Maiywa," alisoma. "Kimalel arap Tonui. Tapkigen. Mtoto wa Tapkigen, hakuwa amepewa jina. Arap Chumo mkubwa. Tabelga." Akaliona jina la saba.

Mzee alimgusa mkono kwa mkono usiohisi.

"Taprandich," alisema Velma. Lilikuwa jina lake, lile alilopewa siku alipozaliwa, wanawake walipowataja wafu mmoja mmoja hadi mtoto akapiga chafya, ishara kwamba amelikubali. "Taprandich. Mko wapi? Tunawauliza Glenmorrow, mmewaweka wapi?"

Upepo ulichukua hayo. Katika ukumbi fulani wa joto ng'ambo ya bahari, watu walikuwa wakipitisha ajenda.

Walimbeba hadi garini. Ambulensi iliwakuta wakimsugua miguu, na kijana wa ambulensi, mkarimu, mwenye haraka, alipiga magoti mlangoni na fomu yake. Alimuuliza mzee jina lake. Alimuuliza tarehe. Alijibiwa yote mawili, polepole, sawasawa.

"Na uko wapi sasa, bwana?"

"Edinburgh," alisema mzee.

Kijana alitikisa kichwa kwa huruma, kalamu ikashuka kwenye karatasi. Velma aliijua sehemu ile ya fomu, ya waliochanganyikiwa. Aliijua hata herufi ambayo neno lile lingeanza nayo, maana ndiye aliyelileta nyumbani kutoka kliniki. Alinyoosha mkono akaishika kalamu ingali mkononi mwa kijana.

"Usiandike hivyo," alisema. "Andika alikuwa na miadi. Andika ni mimi niliyemchelewesha."